Nani Yuko Mashine Namba Sita?

Nilitoka chuo mwaka wa pili. Si akili iliyonishinda, ni karo, na siku mbili kabla ya mtihani akaunti yangu ikafungwa nikiwa nimekaa tu kwa lab nikiiangalia. Nikarudi Ayany na begi moja na laptopu yenye betri imekufa. Mathe alinipa wiki mbili za kulala, halafu akaniuliza kwa upole kama hicho kitanda nacho kinachangia rent. Ndiyo nikaenda kuomba kazi saiba.

Saiba yenyewe iko huku mtaani, si mbali na steji. Mashine kumi, zote za mitumba, zile nyeusi za ofisini. Watu hukuja kufaili KRA, kuomba HELB, kuchapa CV, kulaminate cheti cha kuzaliwa. Mtandao bado ni bob moja kwa dakika kama zamani. Virusi vilikuwa vimezimaliza hizo mashine, kwa hivyo nikaziwekea Linux zote kumi na bosi akanipenda siku hiyo hiyo. Nikatengenezea wateja wa kila siku akaunti zao, kila mtu na jina lake na nywila yake.

Baada ya mwezi bosi akaja na shida. "Mimi nikikaa hapa kaunta sijui nani yuko wapi na amekaa dakika ngapi. Nataka nione wote bila kuinuka."

Hiyo kazi ni ya dakika kumi. Kuna programu ya kale kabisa inaitwa rwhod. Unaiweka kwa kila mashine, na kila baada ya dakika tatu kila mashine inapiga kelele kwa mtandao wote wa ndani: mimi ni namba nne, niko hai, na aliyeingia kwangu ni fulani. Zile zingine zinasikia na kuandika. Halafu mtu yeyote akiandika neno rwho kwa kibodi, orodha inatokea: jina, mashine, saa aliyoingia, na dakika ambazo hajagusa kitu.

Umesikia nimesema mtu yeyote? Mimi sikuliangalia sana hilo. Wateja ndio waliligundua. Vijana waliomaliza form four wakaanza kuandika rwho kama mchezo. "We namba tatu, dakika kumi na nane hujagusa kitu, toka nikae!" Kuna mzee wa kanisa orodha ilionyesha amenyamaza dakika ishirini, wakageuka wote, kumbe amelala na mkono kwa mausi. Lakini pia kuna msee aliona jina la rafiki yake wa primary, mtu hawajaonana miaka, amekaa mashine mbili kutoka kwake na kichwa kwa skrini. Wakatoka kwenda kula chapo pamoja.

Bosi hakufurahi. "Hii nilitaka ya kaunta. Mteja anaangalia wateja wenzake ya nini?" Basi nikaondoa neno rwho kwa mashine za wateja. Rwhod nikaiacha. Yaani mashine ziliendelea kupiga kelele vile vile, ila sikio lilibaki moja tu, la kaunta.

Wakati huo niliona ni kitu kidogo. Sasa nitawaeleza kwa nini si kidogo, na kwa hilo lazima turudi nyuma kabisa, kabla mathe zetu hawajazaliwa.

Mwaka 1961 kompyuta ilikuwa kitu kikubwa kama duka, na chuo kizima kinagawana moja. Huko MIT, Marekani, Fernando Corbató na wenzake wakatengeneza mfumo ulioitwa CTSS, uliofanya watu wengi watumie mashine moja kwa wakati mmoja, kila mtu kwa taipureta yake. Mashine inamhudumia huyu kidogo, inaruka kwa yule, inarudi, haraka mpaka kila mtu anadhani ni yake peke yake. Fikiria matatu moja ambayo kila abiria anaamini amekodi.

Ukishagawana mashine lazima ujue unagawana na nani. Hapo ndipo akaunti zinatoka, na nywila pia, na kupimiwa muda. Allan Scherr, mwanafunzi wa PhD pale, alikuwa anapewa saa chache kwa wiki na hazikumtosha. Mwaka 1962 akajua kwamba ukituma kadi ya kuomba faili fulani ichapishwe, mfumo unaichapisha bila maswali. Akaomba faili yenye nywila za watu wote. Ijumaa usiku akatuma, Jumamosi asubuhi akaenda kuchukua karatasi zake kabatini kama mtu aliyekuja kuchukua passport. Kwa miezi akatumia muda wa wenzake, na alikuja kusimulia mwenyewe miaka mingi baadaye. Kwa hivyo yule kijana wa kwetu anayejaribu kurudisha saa ya kompyuta nyuma ili asilipe bob ishirini, ana babu yake MIT.

Sasa twende Stanford, mwaka 1971. Kulikuwa na maabara ya akili bandia, na mashine yao ilikuwa na amri inayoitwa WHO, inayoonyesha walioingia. Shida ni kwamba ilionyesha vifupisho tu, herufi mbili tatu, si majina. Les Earnest, aliyekuwa mkubwa wa shughuli pale, akaona watu wanasimama mbele ya skrini wakishusha kidole kwenye orodha: huyu ni Don, huyu ni Tom, huyu wa herufi tatu ni nani na atarudi lini? Akaandika programu inayoonyesha jina kamili la mtu na mara ya mwisho alipoonekana. Akaiita finger. Kidole. Jina lilitoka kwa kile kidole kilichokuwa kikishuka kwa skrini, basi.

Halafu ikaongezwa kitu kingine, na hiki ndicho nakipenda zaidi. Kila mtu angeweza kuacha faili ndogo inayoitwa Plan, na ukimtafuta kwa finger, maneno yake yanakuja pia. Niko likizo mpaka Jumatatu. Natafuta mtu wa kucheza chess. Hiyo ni status, wasee. Miaka ya 90 John Carmack, yule aliyetengeneza Doom na Quake, alikuwa anaandika kazi yake ya kila siku kwa faili hiyo, na magamer dunia nzima wanamsoma hapo.

Angalia vile ilivyokuwa imepangwa. Ukiingia, unaonekana. Na ukiingia, unaona. Profesa anaonekana na mwanafunzi, mwanafunzi anaonekana na profesa. Hakuna kaunta. Walioijenga walikuwa watu wa ofisi moja, wanajuana, na swali lao lilikuwa la kawaida tu: kama nikipanda hizo ngazi, nitamkuta?

Rwhod yangu inatoka kwa ukoo huo huo. Ilitoka Berkeley, kwa toleo la Unix linaloitwa 4.2BSD, mwaka 1983. Kufikia hapo watu hawakuwa tena kwa mashine moja kubwa, walikuwa na mashine nyingi ndogo zilizounganishwa kwa waya, na lile swali la nani yuko ndani likahitaji kuulizwa kwa mashine zote pamoja. Jibu lao lilikuwa la kijijini kabisa: kila mmoja apige kelele, kila mmoja asikie. Maelezo yanayokuja nayo yenyewe yanakubali kwamba mashine zikiwa nyingi mambo yanakuwa mzigo, na kweli kwa mitandao mikubwa wasimamizi waliizima kwa sababu ya kelele. Kwa mashine kumi za Ayany haina neno.

Finger nayo ilikufa kwa njia mbaya zaidi. Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Cornell, aliachilia programu inayojinakili yenyewe kutoka mashine moja hadi nyingine. Njia moja ilikuwa kupitia finger. Ile programu iliyokuwa ikisubiri kujibu swali la "fulani yuko?" ilikuwa imetengewa nafasi ya baiti 512 za swali, na haikuwahi kupima kama swali limezidi. Morris akaituma baiti 536. Zile zilizofurika zikaangukia mahali mashine inasoma kama amri, na mlango ukafunguka. Makadirio yanayotajwa sana ni mashine 6,000, wakati intaneti yote ilikuwa na mashine kama 60,000. Mahakama ikampa miaka mitatu ya kifungo cha nje, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050. Baadaye akawa profesa MIT. Mimi nilifungiwa akaunti kwa karo na sikuvunja kitu, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.

Baada ya hapo watu wakaanza kufunga finger, chuo kimoja baada ya kingine. Na walipofunga hawakusema tu kwamba ina shimo. Walianza kuuliza kwa nini mtu wa mbali, ambaye hata hatumjui, aweze kujua kwamba fulani ameingia kwa kompyuta saa nane usiku. Ni swali zuri. Lakini ile orodha haikufa. Msimamizi wa mashine bado alikuwa nayo. Waliopokonywa ni wale wengine.

Kwetu tulianzia hapo tayari. Intaneti ilipofika Kenya katikati ya miaka ya 90, iliingia mlango wa nyuma kidogo. Africa Online ilianzishwa mwaka 1994 na Wakenya watatu waliosomea Boston: Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno. Mwaka 1995 KPTC, lile shirika la posta na simu la serikali, likatangaza kwamba kuuza huduma ya intaneti ni kinyume cha sheria. Watu waliendelea tu. Halafu saiba zikaja, na kwa miaka mingi saiba ndiyo ilikuwa intaneti. Mpaka nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilipotua Mombasa mwaka 2009 na bei kuanza kushuka, mtu wa kawaida Nairobi aliijua intaneti kama kiti cha plastiki na saa inayohesabu kwa kona ya skrini.

Na mpangilio wa saiba ni ule ule kila mahali. Wateja wanaangalia ukuta, kaunta inaangalia migongo ya wateja. Skrini ya kaunta ina visanduku, kimoja kwa kila mashine, kijani ana muda, nyekundu muda umeisha. Hakuna mteja aliyewahi kuona hiyo skrini vizuri. Sisi hatukupoteza ule mpango wa Stanford, hatukuwahi kupewa. Tulikutana na hiyo orodha ikiwa tayari imegeuzwa upande mmoja.

Na hapa lazima niseme kitu cha Kibera, maana nikikaa kimya wazee wa hapa watanicheka. Mambo ya orodha na kidole yalifika huku kabla ya kompyuta.

Sheria ya kusajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika wa zaidi ya miaka 16 alitakiwa kubeba kipande: karatasi yenye jina, alama za vidole, amefanya kazi wapi na mwajiri wake alimwachilia lini, ndani ya kikopo cha chuma kinachoning'inia shingoni. Mzungu hakubeba. Kipande kilikuwa kinajibu maswali yale yale ya orodha yangu ya kaunta: huyu ni nani, ameingia wapi, ametoka saa ngapi. Na kilikuwa upande mmoja. Polisi anasoma shingo yako, wewe husomi yake. Hilo ni mojawapo ya mambo Harry Thuku alipigia kelele, akakamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika nje ya kituo cha polisi hapa Nairobi wakapigwa risasi.

Kibera yenyewe ilianza kama makao ya askari Wanubi wa King's African Rifles. Kibra kwa Kinubi ni msitu. Wajukuu wa hao askari, waliozaliwa hapa, ndio baadaye walikuwa wanapelekwa mbele ya kamati kuhojiwa kabla ya kupata kitambulisho, kitu ambacho mwenzao wa kabila lingine anapata kwa kujaza fomu. Kwa hivyo serikali ilipoleta Huduma Namba mwaka 2019, kila kitu chako kwa namba moja, watu wa hapa waliskia kengele mapema. Nubian Rights Forum, shirika la hapa hapa Kibera, likaenda mahakamani pamoja na mashirika mengine. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleza: kama kitambulisho chenyewe tunanyimwa, orodha moja inayoamua kila huduma itatuacha nje kabisa. Na pia, nani atalinda hizo data? Sheria ya kulinda data haikuwepo wakati kesi inaanza, ilitiwa saini Novemba 2019 kesi ikiendelea. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ikasema usajili unaweza kuendelea lakini lazima kuwe na kanuni kamili kwanza, na kuchukua DNA na kupima makao ya mtu kwa GPS hakuruhusiwi.

Mathe yangu alipanga foleni ya Huduma Namba siku mbili. Kadi hakuwahi kuiona.

Basi turudi saiba.

Kulikuwa na msichana aliyekuwa anakuja Jumanne na Alhamisi, saa kumi hivi za jioni. Alikuwa anapenda mashine namba sita, ile ya pembeni karibu na ukuta. Anatafuta kazi. Nilimsaidia mara mbili kupunguza ukubwa wa picha ya kitambulisho ili iingie kwa fomu, na kila mara alinilipa hizo bob kumi za skani hata nikimwambia aache. Jina lake lilikuwa kwa orodha yangu kama la mtu mwingine yeyote.

Jumatano moja akaingia mwanamume wa makamo, amevaa vizuri, ana heshima zake.

"Habari ya kazi, kijana."

"Poa, mzee. Karibu."

"Namtafuta mtoto wa dada yangu. Simu yake imezimwa na nyumbani wana wasiwasi. Niliambiwa hutumia hapa." Akataja jina.

Mimi nikafanya kile kitu ambacho mtu aliyesoma miaka miwili ya kompyuta hufanya akitaka kujionyesha. Rwho inaonyesha walio ndani sasa hivi, na yeye hakuwa ndani. Lakini kuna amri nyingine inaitwa last, ambayo inasoma faili ya kila mtu aliyewahi kuingia kwa mashine na saa aliyotoka. Nikaingia namba sita kutoka kaunta, nikaandika last, na miezi miwili ya yule msichana ikashuka kwa skrini. Jumanne, Alhamisi. Jumanne, Alhamisi. Saa kumi, saa kumi na robo. Nikageuza skrini kidogo ili yule mzee aone vizuri.

"Kesho saa kumi utampata," nikamwambia. Akanishukuru, akaniachia mia moja ya soda. Nikainywa kweli, Stoney baridi.

Kesho yake saa kumi kasoro alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, karibu na mama wa mboga. Msichana akatokea kona, akamwona. Sikusikia walichosema mwanzoni. Nilichoona ni mkono wa yule mzee kwa mkono wa msichana, na msichana akijivuta. Mama wa mboga akapiga nduru, vijana wa bodaboda wakaja, maneno yakawa mengi. Ikatokea kwamba hakuwa mjomba. Alikuwa bwana yake, na yeye alikuwa ametoka kwake Kawangware miezi mitatu nyuma, usiku, na nguo alizovaa. Bodaboda mmoja akamtoa pale. Yule mzee akabaki akielezea watu kwamba ni mambo ya nyumba.

Hakurudi saiba. Nilikutana naye baada ya kama wiki tatu, kule chini upande wa Olympic, mimi ndiye nilimwita.

"Ni wewe ulimwambia siku zangu?"

Nikasema ndiyo. Nikaanza kueleza kwamba alisema ni mjomba, kwamba alikuwa mpole.

"Yeye huwa mpole," akasema. Halafu akasema, "Hata sikuambii ungenificha. Hukunijua. Lakini kama ningeingia pale nikaona tu kwamba kuna mtu ameniulizia, ningejua la kufanya."

Nimefikiria hayo maneno kuliko kitu chochote nilichofundishwa chuo. Kwa sababu wiki mbili hivi, zile wiki vijana walikuwa wanaandika rwho na kumcheka mzee wa kanisa, mashine zangu zilikuwa zinafanya kazi vile zilivyotengenezwa: ninayekuona ananiona. Mimi ndiye niliyeikata nusu, kwa sababu bosi alisema, na kwa sababu sikuona nusu iliyobaki ni ya nani.

WhatsApp ilianza mwaka 2009 kama programu ya status tu, kabla hata haijawa ya kuchat. Ule mstari wa last seen ni finger ya Les Earnest kabisa, mara ya mwisho alipoonekana. Na kuna sheria moja mle ndani ambayo watu huilalamikia sana: ukificha last seen yako, huoni ya wengine. Nilikuwa nadhani ni adhabu. Siku hizi naona ndiyo kitu cha haki zaidi kwa simu yangu. Lakini jiulize ni nani asiyefungwa na hiyo sheria. Kampuni yenyewe inajua uliingia saa ngapi hata ukificha.

Nilimwambia bosi tufute hizo rekodi. Akakataa. "Polisi wakija kuuliza nani alichapisha kitu fulani, nitawaambia nini?" Sikuwa na jibu la kumridhisha, na yeye ndiye analipa stima. Nikamwomba basi nirudishe rwho kwa mashine za wateja. Akaniangalia kama mtu aliyeomba nusu ya duka.

Usiku huo, baada ya kufunga, nilibaki nikisema napiga deki. Niliandika amri ndogo ya mistari mitatu inayofuta ile faili ya last kila siku saa tano usiku kwa mashine zote kumi. Aliyeingia leo anaonekana leo. Kesho hakuna kitu. Sikumwambia bosi. Mwezi uliofuata nilitoka kwa hiyo kazi, si kwa sababu ya hii stori, ni mshahara ulikuwa unachelewa. Saiba bado iko, nilipita Jumamosi na mashine zinawaka. Kama hakuna aliyezigusa, basi ile amri bado inafanya kazi kila usiku, maana bosi hajui kwamba iko.